Hesabu za kushika: visoda, njiti za ufagio na trei ya mayai, kuanzia chekechea mpaka darasa la nne

Kabla hujanunua chati yoyote ya namba fanya hivi kwanza. Mwaga rundo la visoda kwenye mkeka, mwite mtoto anayeimba moja mpaka ishirini bila kukosea, alafu mwambie "naomba unipe saba". Usimwambie ahesabu, we sema tu nipe saba. Wengi watachota wanavyoweza wakupe, wengine wataanza vizuri moja mbili tatu ila wakifika saba hawasimami, wanaendelea mpaka visoda viishe, na wachache ndo watahesabu saba, watasimama, watakukabidhi. Hao wachache wanaijua saba. Wengine wanajua wimbo, na sio kwamba vichwa vizito, ni sisi wakubwa tuliosikia wimbo tukapiga makofi tukaona kazi imeisha.

Haya ni maelekezo kwa walimu wa awali na madarasa ya chini, ila hata mzazi unayekaa na mtoto jioni unaweza kuyatumia kwasababu karibu kila kitu hapa kinaokotwa au tayari kipo jikoni kwako. Nitakaa sana kwenye kuhesabu vitu na kwenye makumi na mamoja, maana hapo ndo panapoharibika alafu tunakuja kulia darasa la tano. Kwingine nitapita haraka.

Vifaa, na tahadhari zake

Visoda mia mbili au zaidi. Pita baa au grosari asubuhi wakati wanafagia, watakupa bure na kukushukuru juu. Viloweke kwenye maji ya sabuni, suuza, anika juani, alafu gonga yale meno ya pembeni kwa jiwe au nyundo yalale yasikwaruze vidole. Njiti: ufagio wa chelewa uliochakaa unatosha darasa zima, kama upo bara minazi hakuna basi mabua au vijiti vya mti wowote, kata zote urefu mmoja kama kidole cha kati, ncha zisichome. Lastiki zile za kufungia hela, mia moja hivi. Trei za mayai za karatasi, muulize muuza chipsi yeyote, anazo hadi hajui pa kuzitupa. Maboksi, mkasi, makapeni, kamba ya katani, na makopo ya kuhifadhia kila kitu maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na hata isingepigwa ingechanika wiki ya kwanza.

Sasa hili la usalama usiliruke. Watoto wadogo wanaingiza maharage puani na masikioni, ni kama lazima mmoja ajaribu, na harage likipata unyevu linavimba, kulitoa inakuwa safari ya hospitali. Kwa hiyo chini ya miaka minne tumia vikubwa tu kama magunzi, viazi, vifuniko vya ndoo. Wakubwa kidogo wape visoda, au komwe kama una bao nyumbani. Mbegu za kuokota vichakani kuwa nazo makini sana, nyonyo pamoja na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu wanatungia shanga zina sumu kali, zisiingie darasani hata kwa urembo.

Hatua ya 1: kupanga na kulinganisha, namba bado

Wiki za mwanzo usitaje namba kabisa. Mpe visoda vya rangi mbalimbali mwambie avipange anavyotaka yeye, alafu muulize "umepangaje?" Mmoja atapanga kwa rangi, mwingine vyenye kutu na visivyo na kutu, mwingine atakuambia hivi ni baba hivi ni mama, yote sawa, unachotaka ni aone kwamba vitu vina makundi na kundi lina sababu. Kazi nyingine ni ya kuoanisha. Wakati wa uji kila kikombe kipate kijiko chake, je vimetosha? Vikombe vimezidi au vijiko? Hapo mtoto ameshaanza hesabu na hajataja hata moja.

Alafu kuna jaribio dogo ambalo ukilifanya utaelewa kwanini watoto wa miaka minne mitano wanakuchanganya. Panga visoda sita kwenye mstari, chini yake panga vingine sita vikitazamana. Muulize wapi vingi, atasema sawa. Sasa mbele ya macho yake tanua mstari mmoja uwe mrefu, usiongeze wala kupunguza, muulize tena. Mara nyingi atasema ule mrefu ndo una vingi. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alishaandika jambo hili mwaka 1941 na bado linawashangaza wazazi hadi leo. Usimwambie umekosea. Mpe njiti aunganishe kisoda cha juu na cha chini, kimoja kimoja, amalize, alafu nyamaza. Leo atashikilia msimamo wake, kesho pia, siku moja atakucheka wewe kwa kumuuliza swali la kijinga.

Hatua ya 2: kuhesabu vitu

Chora mstari wa chaki sakafuni, au mchangani kwa kidole, uite mto. Visoda vyote viko ng'ambo hii, kazi ni kuvivusha. Kila akivusha kimoja anataja namba moja, mkono na mdomo viende pamoja. Utakuta mdomo umefika tisa mkono uko kwenye cha sita, au kisoda kimoja kimehesabiwa mara mbili kwasababu vilikuwa vimerundikana. Ndo maana ya mto, kilichovuka kimevuka, hakirudiwi.

Akimaliza kuvusha muulize "vingapi?" Sikiliza vizuri hapa. Akianza tena moja, mbili, tatu, bado hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndo jibu la vyote. Funika visoda kwa bakuli muulize tena, "chini ya bakuli viko vingapi?" Hawezi kuvihesabu kwa sababu havioni, inabidi akumbuke. Siku nyingine aanze kuvihesabu kutoka mwisho kuja mwanzo, aone kwamba jibu halibadiliki. Usiwe na haraka, kaa na tatu mpaka akikuambia tatu ujue ni tatu kweli, nenda nne, nenda tano. Kama kwa "nipe tano" bado anachota tu, kumwandikisha 1 mpaka 50 kwenye daftari ni kumpotezea penseli. Sifuri nayo usiiache mwishoni, geuza kopo tupu: limebaki na ngapi? Hamna. Hiyo hamna tunaiandika hivi.

Mdako ukirudishwa uwanjani utakusaidia kuliko chati. Shimo dogo, kokoto kumi ndani, moja ya kurushia. Mtoto anarusha juu, anachota kokoto kutoka shimoni, anadaka, anarusha tena anarudisha zilizozidi inabaki moja nje. Duru ya kwanza mojamoja, ya pili mbilimbili, ya tatu tatutatu, na duru ya tatu na zile kumi ndo wanagundua wenyewe kwamba kuna moja inabaki peke yake haina kundi. Mimi naona mchezo huu una kila kitu cha darasa la kwanza ndani yake na watoto wanagombania zamu, karatasi ya mazoezi huwezi kuona wanaigombania.

Sasa trei ya mayai. Trei ya kawaida ina mashimo 30, mistari sita ya matano. Ikate kila mistari miwili, utapata vipande vitatu, kila kimoja kina mashimo kumi, matano juu matano chini. Hiki kipande ndo kifaa changu namba moja. Sheria: unajaza mstari wa juu kwanza kuanzia kushoto, ukijaa ndo unashuka. Weka saba. Mtoto anaona tano juu na mbili chini, na anaona pia mashimo matatu matupu. Maswali mawili kila mara, "vimo vingapi?" na "vimebaki vingapi kujaa?" Baada ya siku kadhaa anza kumwonyesha sekunde moja tu unafunika, aseme viko vingapi bila kuhesabu kimoja kimoja. Watoto wanalipenda hili hadi kelele.

Lengo ni azijue jozi zote za kumi, 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5, bila vidole. Akizijua hizo, kujumlisha kunakovuka kumi kunakuwa kwepesi. Chukua 8 + 5. Kipande cha kwanza kina nane, cha pili kina tano. Mwambie ajaze cha kwanza. Atatoa viwili kutoka kwenye tano, kimejaa kumi, cha pili vimebaki vitatu, kumi na tatu. Hajahesabu chochote, amehamisha viwili tu. Mtoto anayefanya hivi darasa la kwanza hutamkuta darasa la nne anahesabu vidole vya miguu chini ya dawati.

Hatua ya 3: makumi na mamoja, hapa tulia

Rudi kwenye njiti. Mpe mtoto njiti nyingi, thelathini na kitu, mwambie azihesabu. Atapotea njiani, ni kawaida, na wewe unataka apotee. Muulize "tufanyaje tusipotee?" Wapo watakaosema tufunge, wasiposema pendekeza wewe. Kila zikifika kumi, lastiki. Na wafunge wenyewe tafadhali. Mwalimu anayekesha usiku akifunga mafungu ishirini ili kesho yawe tayari ameifanya kazi ya mtoto, maana kule kufunga ndo kujua kwamba fungu moja ni kumi.

Kata boksi, gawa pande mbili kwa mstari wa makapeni, kulia andika MAMOJA kushoto MAKUMI. Sheria ni moja tu, upande wa mamoja kumi haziruhusiwi kukaa. Zikifika kumi zinafungwa zinahamia kushoto. Asubuhi kila siku ya shule anayeshika zamu anaongeza njiti moja upande wa mamoja, siku ya kumi darasa zima linasubiri fungu la kwanza kwa hamu, na siku ya mia unayafunga mafungu kumi kwa kamba moja kubwa inakuwa mia. Kwa njia hii hata kama hukufundisha siku hiyo umefundisha.

Kumi na moja mpaka kumi na tisa huwa hazisumbui, ukimwambia kumi na nne anaweka fungu na njiti nne. Inapokuja ishirini, thelathini, arobaini, haya majina hayamwambii ni mafungu mangapi, kwa hiyo kwa muda ruhusu waseme "makumi mawili na tatu" alafu ndo "ishirini na tatu". Jenga 14 na 41 sambamba kwenye maboksi mawili waangalie. Waulize ipi ungependa kama njiti zingekuwa pipi.

Alafu kuna ugonjwa wa 1005. Unamwambia mtoto andika mia moja na tano, anaandika 100 alafu 5 pembeni, 1005. Kamsikiliza sikio lake, kaandika alichosikia. Dawa ni kadi zinazofunikana. Kata manila au boksi jepesi: kadi za mia ziwe na upana wa tarakimu tatu (100, 200 mpaka 900), za makumi upana wa mbili (10 mpaka 90), za mamoja upana wa moja (1 mpaka 9). Akiambiwa mia moja arobaini na tano anachukua 100, juu yake anaweka 40, juu yake 5, zote zikilingana upande wa kulia. Inasomeka 145, na akiinua kadi anaona mia bado iko pale chini na sifuri zake. Mia moja na tano: 100, juu yake 5, inasomeka 105. Mara kadhaa tu na 1005 inapotea.

Wazo la kumpa mtoto mia na elfu azishike sio la jana. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alitumia shanga: moja peke yake, kumi zimetungwa kama fimbo, mia ni mraba wa fimbo kumi, elfu ni mchemraba. Shanga hizo ukiziagiza ni ghali, ila darasa la watoto 50 kila mmoja akija na njiti 20 kutoka nyumbani mna elfu moja kamili. Zifungeni kumikumi, miamia, alafu zote kwenye gunia moja. Kila mtoto alibebe. Mtoto wa mjini anaijua elfu kama noti ya kutumwa dukani, hajawahi kuiona elfu ya vitu.

Kutoa kwa kufungua fungu ndo kipimo cha kama wameelewa. 42 toa 17. Mtoto ana mafungu manne na njiti mbili.

"Naomba unipe kumi na saba."

Anaangalia. "Madam, za kulegea ziko mbili tu."

"Sasa?"

Kimya, mwenzie anamnong'oneza, anakataa, anashika fungu moja analigeuza. "Nifungue?"

"Ni zako hizo."

Anatoa lastiki, njiti zinamwagika, anazihesabu zote upya, kumi na mbili. Anatoa saba, zimebaki tano. Anatoa fungu moja, yamebaki mawili. Ishirini na tano. Ukiona amezihesabu upya zile kumi alizozifunga mwenyewe dakika tano zilizopita usimkemee, ataacha akishaamini kwamba fungu halijapungua. Na baada ya hapo ndo mnaandika kwenye daftari, 4 inakatwa inakuwa 3, 2 inakuwa 12, kila alama ya penseli ikifuata kitu alichofanya kwa mkono. Sijui nani alianzisha lugha ya kukopa kwa jirani, hapo hakuna aliyekopa, fungu limefunguliwa basi.

Kutoka kwenye njiti kwenda daftarini

Hapa ndo vifaa vinapopewa lawama, utasikia "hawa watoto bila visoda hawawezi kitu". Ni kweli, kama ulivitoa ghafla. Kati ya kitu na namba kuna picha. Mwanasaikolojia Jerome Bruner wa Marekani alilipanga hivyo miaka ya 1960, kwanza tendo, alafu picha, alafu alama, na ukikaa na watoto utaona linafanya kazi. Kwa hiyo baada ya njiti wachore: fungu ni mstari wima mrefu, moja ni nukta. 42 ni mistari minne na nukta mbili. Kutoa 17, kata mstari mmoja uchore nukta kumi pembeni, alafu futa saba na mstari mmoja. Hii wanaweza kuifanya hata kwenye chumba cha mtihani ambako njiti haziruhusiwi.

Utajua wakati wa kuacha vifaa mtoto akianza kukujibu kabla hajavigusa. Visogeze pembeni visionekane kama zawadi wala adhabu, viwe mahali anapoweza kwenda kuchukua akikwama. Wapo watakaovihitaji wiki mbili wapo watakaovihitaji muhula mzima.

Kuzidisha na kugawanya

Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa sokoni ameshaona kuzidisha: mafungu manne ya nyanya, kila fungu nyanya tano. Wapange visoda hivyohivyo kwanza, mafungu, alafu mafungu yanyooshwe yawe mistari. Hapo leta trei nzima ya mayai isiyokatwa. Mistari 6 ya matano ni 30. Izungushe robo, sasa ni mistari 5 ya sita, bado 30, kuna aliyeongeza yai? Kreti ya soda ni 4 kwa 6, 24. Mwambie kila mtoto kesho aje na kitu kimoja alichokiona mtaani kimepangwa mistari sawa, utaletewa matofali ya dirisha, vigae, madirisha ya ghorofa.

Jedwali la saba linatesa watu, basi lipunguze. Panga visoda mistari saba ya sita, weka njiti ndefu chini ya mstari wa tano. Juu yake ni 5 mara 6, chini ni 2 mara 6, 30 na 12. Kukariri bado wakariri, mimi sio wa kusema kukariri ni dhambi, ila wakisahau wawe na njia ya kurudi.

Kugawanya kuna maswali mawili na vitabu vingi vinayachanganya. Karanga 12 kwa watoto 4, kila mtu ngapi, unagawa mojamoja kama karata. Karanga 12 kila mtu apewe 4, zinatosha watu wangapi, hapo unatoa mafungu. Fanya zote mbili, alafu fanya kwa karanga 13 uone kesi ya ile inayobaki wataimalizaje.

Duka la Mangi

Pakiti tupu za majani ya chai, sabuni, kiberiti, chumvi, zenye bei zilizoandikwa kubwa. Hela zitengeneze kwa kuweka sarafu chini ya karatasi na kupitisha penseli kwa juu mpaka sura yake itokee, za 50, 100, 200 na 500, bandika kwenye boksi kata. Mmoja ni Mangi, yaani mwenye duka, wengine wateja, na wapokezane maana kila mtu anataka kuwa Mangi.

Chenji wafundishe kama wauza duka wenyewe wanavyofanya, kupanda. Kitu ni 350, mteja katoa 500. Mangi anaweka 50 mezani anasema "mia nne", anaweka 100 "mia tano", chenji 150. Hakuna kuchora kutoa kwa kushuka, na jibu ni lilelile. Waache pia wauziane kwa kukosa chenji, "sina mia, chukua pipi", hapo pipi inabidi iwe na bei na mjadala wake ni hesabu tupu.

Sehemu

Chapati. Ikate nusu, nusu uikate robo, robo uikate thumni. Kosa utakaloliona ni mtoto kuamini thumni ni kubwa kuliko robo kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4, na hoja yake inaisha siku ukimwambia achague kipande kimoja cha kula. Kama chapati hazitoshi darasa, karatasi za duara wakunje wenyewe. Kumbuka kuonyesha pia kwamba nusu ya chapati ndogo sio sawa na nusu ya kubwa, hilo linasahaulika sana. Na kwenye kugawana kwa wawili weka sheria ya mmoja akate mwingine achague, utaona rula zinavyotafutwa.

Saa

Hii inawachanganya hata wakubwa kwasababu saa ya ukutani inaonyesha 7 sisi tunasema saa moja. Kata boksi duara, andika 1 mpaka 12 pembeni, alafu duara la ndani andika saa zetu kwa rangi nyingine: kwenye 7 andika 1, kwenye 8 andika 2, kwenye 12 andika 6, uzunguke mpaka mwisho. Wataona wenyewe kwamba jibu liko ng'ambo ya mshale mfupi, ukielekea 9 mkia wake unaelekea 3, saa tatu. Mshale mrefu wa dakika haugeuzwi. Mishale ifunge katikati kwa uzi wenye fundo ili izunguke. Kengele ya shule ikilia mtu aweke saa hiyo kwenye boksi.

Vipimo

Anza na mwili. Dawati ni shubiri ngapi? Mtoto anapata tisa, wewe unapata sita, nani mwongo? Waache wabishane, alafu ndo ulete kamba ya mita moja uliyoikata kwa kipimo cha fundi cherehani, wazungushe uwanja wa mpira kwayo. Kwa ujazo tumia chupa ya maji ya nusu lita na ya lita moja na nusu, ngapi za hii zinajaza ile, kwanza wakisie waandike, alafu wamimine. Kukisia usikuruke. Uzani, mizani ya henga ya nguo yenye makopo mawili yaliyotobolewa inatosha, jiwe huku visoda kule.

Darasa likiwa na watoto tisini

Makundi ya sita sita, nje chini ya mti kama ndani hapatoshi, meza ni mkeka au mchanga wenyewe. Nusu ya makundi yanashika vifaa, nusu nyingine wanaandika au kuchora, baada ya dakika kama ishirini mnabadilishana. Kila kundi na kopo lake, ndani visoda 40, njiti 60, lastiki sita, kipande kimoja cha trei, na idadi imeandikwa kwa makapeni juu ya mfuniko. Dakika tano za mwanzo waachie wachezee tu watakavyo, wajenge minara wapigane mieleka ya visoda, usipowapa hizo dakika watazichukua wenyewe katikati ya somo.

Anayeshika zamu ya kopo anahesabu wakati wa kufungua na wakati wa kufunga, kumikumi sio mojamoja, na kopo halirudi kabatini mpaka hesabu ya mfuniko itimie. Zikipungua kundi zima linatafuta. Zikizidi, na huwa zinazidi, waende kundi la jirani waulize nani kapungukiwa.